Kiti cha Mpokeaji, au Jinsi ya Kupunguza Faili Bila Kuiharibu

Kabla hujabonyeza mahali palipoandikwa "punguza", nijibu swali moja: huyo unayemtumia ana simu gani? Hujui? Basi ondoa kidole hapo, keti, unisikilize kidogo. Sitakuchelewesha sana, nina kuku wa kulisha.

Jina langu ni Jerusha Mkamburi, lakini ukimuulizia Jerusha hapa Voi utazungushwa mpaka uchoke. Muulizie Mama Skana. Nimefanya kazi ya karatasi za watu tangu nikiwa msichana, kwanza kwa taipureta, baadaye kwa kompyuta, katika chumba kile kile kimoja nyuma ya maduka, karibu na stesheni ya zamani. Vyeti vya shule, hati za mashamba, barua za chifu, ripoti za hospitali, vyote vimepita mikononi mwangu. Sasa magoti yamekataa, nimestaafu, niko nyumbani Birikani. Vijana wanaoendesha saiba yangu, chumba hicho hicho cha kompyuta na intaneti, wameniomba niwaandikie ninachokijua kuhusu kupunguza uzito wa faili. Walitarajia ukurasa mmoja. Poleni sana.

Nitasema bila haya kwamba nilikuwa hodari. Watu walitoka Taveta na nyaraka zao, wakapita saiba nne njiani, wakaja kwangu. Karani wa ofisi moja kubwa hapa mjini, ambaye sitamtaja kwa sababu bado anajidai, alikuwa akija kwa mlango wa nyuma na flashi mfukoni: "Mama, hii imekataa kwenda, nisaidie kabla bosi hajauliza." Nilimsaidia. Nikitembea mjini leo na kumwona mtu yuko kazini, au binti yuko chuoni, mara nyingi najua kwamba karatasi zake zilipita kwenye ile meza yangu. Hiyo raha hailipiki.

Haya, kazi yenyewe. Maneno hayana uzito. Chapa barua ya kurasa kumi kwenye kompyuta, faili yake itapita popote. Kinacholemea ni picha. Ukikipiga cheti picha kwa simu, simu haijui kwamba wewe unataka maandishi tu. Inabeba kila kilichoonekana: kivuli cha kichwa chako, kona ya meza, na kitambaa.

Kitambaa ndicho kilichonitesa miaka yote. Ninyi mnazijua nyumba zetu za milimani. Hati ya shamba hailazwi juu ya meza tupu, huko ni kuidharau. Inatolewa sandukuni, inatandikiwa kile kitambaa cha kushona kwa mkono, chenye maua mekundu na ya njano na majani ya kijani, kitambaa cha wageni, ndipo inapigwa picha. Heshima kubwa! Lakini kompyuta nayo ina adabu zake, haitaki kulidharau ua hata moja. Inahesabu kila uzi. Nilikuwa nikiletewa hati ya ukurasa mmoja yenye MB sita, na zaidi ya nusu yake ni maua.

Nilijaribu kuwaambia watu watumie meza tupu. Mzee mmoja akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Hii ni shamba ya baba yangu," akasema. "Wataka niilaze chini kama mihogo?" Sikurudia tena kumwambia mtu neno hilo. Nikajifunza kukata kingo. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya Mama Skana: kata kingo kabla ya kufanya lolote. Ondoa meza, ondoa vidole, ondoa maua, ibaki karatasi peke yake. Mara nyingi hapo tu mzigo umeshuka nusu na hujapoteza hata nukta moja ya mtu.

Halafu rangi. Ukurasa wa maneno matupu ufanye wa kijivu, hauna haja ya kuvaa rangi. Lakini wenye muhuri wa chifu uache na rangi yake. Muhuri wa zambarau ukigeuka mweusi, kuna mtu mahali fulani atakayesema hiyo ni fotokopi, na mwenye karatasi atapanda tena mlima kumtafuta chifu, na chifu atakuwa ameenda matangani.

Na ondoa kurasa tupu. Dereva mmoja wa lori aliniletea kutoka Maungu nyaraka alizoziskani mwenyewe pande zote mbili, mbele na nyuma, kurasa arobaini, na ishirini kati ya hizo hazina kitu. Nikamuuliza, "Kaka, hizi nyeupe zasema nini?"

Akafikiri. "Hazisemi kitu, Mama. Lakini ziko."

Mpaka leo nikiona mtu anajaza mkutano maneno yasiyo na maana, huwa najisemea moyoni, hazisemi kitu, lakini ziko.

Sasa, msidhani haya niliyatoa kwenye kompyuta. Niliyatoa kwa Mzee Nyambu, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Yeye ndiye aliyekuwa na kile chumba kabla yangu. Alikuwa mwandishi wa barua za watu. Mtu asiyejua kuandika, au anayejua lakini anaogopa ofisi, alikwenda kwake. Alinichukua nikiwa nimetoka tu shuleni, vidole vina haraka na kichwa kinajiona. Enzi hizo habari ya dharura ilikwenda kwa telegramu, na posta walitoza kila neno, basi kazi yetu ilikuwa kumpunguzia mteja maneno kabla hajafika kwenye dirisha lao.

Siku moja akaja mwanamume wa Taveta. Mama yao alikuwa ameugua, akapona, naye alitaka kumwarifu ndugu yake aliyekuwa Mombasa. Habari yenyewe ilikuwa hii: mama alikuwa mgonjwa, sasa amepona, usije mpaka mwisho wa mwezi. Mzee Nyambu alikuwa ametoka kunywa chai. Nikasema hii naimaliza mwenyewe. Nikafuta, nikafuta, nikabakisha maneno matatu: MAMA MGONJWA USIJE. Nikajiona bingwa wa dunia.

Siku ya nne ndugu wote wawili walisimama mlangoni petu. Yule wa Mombasa alikuwa ameacha kazi na kukimbilia nyumbani akilia njia nzima, akaingia uani akipiga kelele, "Kwani mimi si mtoto wa huyu mama? Kwa nini nikatazwe?" Akamkuta mama yake anapalilia migomba. Alikuwa amekuja kumtafuta aliyeandika ile karatasi.

Mzee Nyambu aliwaomba radhi, akawaagizia chai, akawasindikiza. Aliporudi hakunifokea. Heri angenifokea. Alinionyesha kiti cha wateja, kile cha upande wa pili wa meza, akasema, "Mkamburi, zunguka. Kaa pale. Wewe sasa uko Mombasa, hujui lolote, umeletewa karatasi hii. Soma."

Nilisoma yale maneno matatu nikiwa upande ule. Ilikuwa karatasi ile ile niliyoiandika mwenyewe, lakini kutoka kwenye kile kiti iliniambia kitu kingine kabisa.

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya ofisi. Hakuna kinachotoka mpaka aliyekitengeneza ameinuka, amezunguka meza, amekaa kiti cha mpokeaji na kukisoma kama mtu asiyejua lolote. Haidhuru ni barua ya mistari miwili. Kiti chenyewe kilikuwa cha mvule, mguu mmoja mfupi, kinayumba. Wateja walidhani ni umaskini. Kumbe Mzee Nyambu hakutaka kukitengeneza. "Ukikaa starehe utasinzia," alikuwa akiniambia, "na huyo mpokeaji wako hasinzii." Alipofariki watoto wake walichukua taipureta na kabati. Mimi niliomba kiti.

Nimepitia mengi na hicho kiti. Stensili zilizotupaka wino mpaka kwenye kope. Faksi, ambayo karatasi yake ilijikunja na baada ya miezi sita maandishi yakafifia yote ukabaki na ukurasa wa kufungia njugu. Intaneti ya mwanzo, ambapo ulituma picha moja, ukaenda kupika kimanga cha mihogo na maharagwe, ukakiponda, ukala, ukaosha sufuria, ukarudi ukakuta bado inazunguka. Mitambo imebadilika sana, lakini upande wa pili wa meza bado yuko mtu.

Ndiyo maana aibu yangu kubwa inaniuma zaidi, kwa sababu niliipata nikiwa mtu mzima na kiti kiko mbele yangu. Nawasimulia, maana mzee anayewasimulia ushindi mtupu anawadanganya.

Ng'ambo ya barabara alikuwa amefungua saiba kijana anayeitwa Kevo. Wazazi wake walitoka bara wakaja kufanya biashara hapa, yeye amezaliwa hapa hapa. Mlangoni aliandika kwa herufi kubwa: TUNAPUNGUZA FAILI DAKIKA MOJA. Hilo lilinikera kuliko ninavyoweza kueleza. Ukawa mchezo kati yetu. Yeye akishusha faili ya mtu mpaka KB mia tatu, habari inanifikia, na mimi nashusha ya mwingine mpaka mia mbili. Wateja walifurahia. Mimi nilijiona nimerudi kuwa msichana. Mpanda ngazi hushuka, lakini mpanda ngazi haambiliki.

Wakati huo ndipo alipokuja Mwalimu Wakesho kutoka Mwanda. Alikuwa mwanamke mpole, mwembamba, mwenye sauti ya darasani. Alikuwa amefundisha shule ya msingi ya kwao miaka na miaka, lakini kwa mkataba wa bodi ya shule, ule unaoweza kukatwa muhula wowote bila mtu kukuuliza. Ajira ya kudumu ilikuwa imetangazwa, na maombi ni ya mtandaoni. Vyeti vyote viwe faili moja, isizidi MB mbili. Alikuwa amevipiga picha nyumbani kwa simu yake, kurasa tisa, juu ya kitambaa bila shaka. Zilikuwa MB thelathini na moja.

Nikakata maua. Nikafanya za kijivu zile zilizofaa. Nikaunganisha. Ikafika MB moja na nusu, safi kabisa. Kazi ilikuwa imekwisha. Mngenikuta hapo mngejivunia kunijua.

Lakini Kevo alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuazima karatasi. Akachungulia kioo. "Mama Skana, moja nukta tano? Hiyo mimi ningeifikisha nusu."

Damu ikanipanda. Nikabonyeza tena, nikachagua ule upunguzaji wa mwisho kabisa. Nikabonyeza tena juu ya hapo. Ikafika KB mia moja na tisini. Nikamgeuzia Kevo kioo: "Soma hapo, mtoto mzuri!" Akapiga mluzi. Nikaituma. Sikuzunguka meza. Kiti cha mpokeaji alikuwa amekikalia Wakesho mwenyewe, akinitazama kwa imani yote, na mimi nikaona haya kumwinua mgeni.

Oneni ujinga huo. Mlango ulikuwa na upana wa MB mbili, na mimi nikamkondesha mtu ili apite kwenye tundu la ufunguo. Hakuna aliyeniomba.

Wiki kadhaa baadaye Wakesho alirudi. Hakukaa. Alinipa simu yake, akasema, "Mama, soma." Ujumbe ulikuwa mfupi: maombi yake hayakuendelea, kwa kuwa nyaraka hazisomeki.

Nikaifungua ile faili yangu ya sifa, safari hii nikaikuza. Herufi zilikuwa zimeyeyuka. Nambari za cheti huwezi kujua kama ni tatu au nane. Mihuri ilikuwa madoa.

"Kwani ni mtandao?" aliniuliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayenipa mlango wa kutokea. Na ninyi mnajua, watu wote wa kazi yetu husema ni mtandao. Mtandao umebeba dhambi za watu wengi katika nchi hii.

"Si mtandao, Mwalimu," nikamwambia. "Ni mimi. Niliiminya kupita kiasi kwa sababu nilitaka sifa."

Akasema, "Mwaka ujao ndio mara yangu ya mwisho. Baada ya hapo umri wangu hauruhusiwi." Akachukua simu yake. Alipofika mlangoni akageuka. "Nitarudi hapa hapa kwako. Lakini utasoma kabla ya kutuma."

Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile, na sikuistahili. Mwaka mzima nilikuwa nikimwona Wakesho kila nikiketi kwenye kile kiti.

Alirudi siku ya mwisho ya maombi. Si uzembe wake, ni barua ya mwalimu mkuu iliyocheleweshwa. Alifika adhuhuri, na mlango wa maombi unafungwa saa kumi na moja jioni. Zile picha za zamani nilizikataa zote. Huwezi kukamua nguo iliyokwisha kuchanika. Nikamwambia atoe vyeti vyenyewe, niviskani upya kimoja kimoja. Akafungua mkoba, akatoa kifurushi, na kifurushi kimefungwa kwa kitambaa kile kile cha maua. Nilitaka kucheka.

Nikaiwasha skana. Cheti cha kwanza kikapita vizuri. Cha pili kiko katikati, stima ikapotea.

Mnaijua Voi. Stima inaweza kurudi baada ya dakika tano au baada ya siku mbili. Nilimwona Wakesho akifumba macho. Nikamwambia, "Fumbua, Mwalimu. Tuna simu na tuna jua."

Lakini jua lenyewe lilikuwa adui. Vyeti vyake vilikuwa vimevalishwa plastiki ngumu, kama wengi wanavyofanya wakidhani wanavihifadhi, na plastiki ile ikikutana na jua la Voi inang'aa mpaka huoni jina la mtu. Ndani giza, nje mwanga unaumiza. Nikasimama pale kizingitini nikifikiri, macho yangu yakaangukia kile kitambaa.

"Mwalimu, kamata hicho kitambaa. Usikitandike. Kiinue juu."

Akakiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa changu kama mtu anayeanika nguo, na kivuli laini kikatua kwenye kizingiti. Nikatandika karatasi nyeupe tupu chini, nikapiga magoti haya haya mnayosikia nikiyalalamikia, nikapiga kurasa tisa moja baada ya nyingine. Wapita njia walisimama. Mama mmoja wa sokoni akauliza, "Mnaombea nini hapo?" Wakesho, bila kushusha mikono, akamjibu, "Kazi!" Yule mama akasema amina akaenda zake.

Picha zilikuwa nzuri, lakini bado ni nzito, na kompyuta yangu imekufa na stima. Kulikuwa na mtu mmoja tu karibu mwenye laptopu yenye chaji. Nikavuka barabara.

Kevo alikuwa ameketi nje akipunga upepo kwa kipande cha boksi. Aliponiona akasimama kabisa. "Mama Skana kwangu? Ngoja niandike tarehe."

"Andika baadaye. Lete laptopu na simu yako uje. Ni Mwalimu Wakesho."

Sikuhitaji kuongeza neno. Mwaka ule uliopita nilikuwa nimemweleza yaliyotokea, na alikuwa ameyafuta yale maandishi yake mlangoni bila kuniambia. Akaja mbio, akaweka intaneti kutoka kwenye simu yake, tukaketi mimi na yeye kwenye meza moja kwa mara ya kwanza. Tukakata kingo. Kurasa za maneno zikawa za kijivu, zenye mihuri zikabaki na rangi. Zile zenye nambari ndogo pembeni tuliziacha nzito kuliko nyingine, kwa sababu si lazima kurasa zote zikonde sawasawa, na hilo mliandike mahali. Ikafika MB moja nukta nane.

"Tunaweza kushusha zaidi," Kevo akasema kwa mazoea.

"Hatushushi. Mlango ni wa MB mbili. Zunguka meza."

"Nizunguke nini?"

"Kaa kile kiti. Fungua faili kwenye hiyo simu yako iliyopasuka kioo. Wewe hujui lolote, umeletewa karatasi za mtu usiyemjua. Tusomee."

Akakaa, kiti kikayumba, akaanza kusoma. Wakesho alisimama na vyeti vyenyewe mkononi, akifuatisha kwa kidole kama anayesahihisha madaftari. Jina, sawa. Mwaka, sawa. Cheti cha pili, sawa. Cheti cha tatu Kevo akasoma nambari, na ya mwisho akasema nane.

"Ni tatu," Wakesho akasema.

Nikaikuza. Mstari mwembamba wa mwanga wa plastiki ulikuwa umepita juu ya ile nambari ukaifunga upande wa kushoto. Ningeapa kwamba ukurasa ule ni safi. Nilikuwa nimeutazama mara mbili kutoka upande wangu wa meza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi mguu wangu ulikuwa hapo unasubiri kuvunjika mara ya pili.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Tukarudi kizingitini, Wakesho akainua kitambaa, safari hii Kevo akishika upande mmoja, nikapiga ukurasa ule tena mpaka mstari ukaondoka. Tukaunganisha upya. Kevo akarudi kitini bila kuambiwa, akasoma tena kurasa zote tisa tangu mwanzo, polepole, jasho likimtoka.

"Tatu," akasema alipofika pale.

"Tatu," Wakesho akajibu.

Ikaenda. Saa kumi na dakika hamsini ikaonekana imepokelewa. Wakesho alikunja kitambaa chake vizuri, kona kwa kona, akavifungia vyeti ndani. Kevo alibaki ameketi pale akikitazama kile kiti, akikiyumbisha mbele na nyuma. "Mama," akaniuliza, "hiki kiti unauza?" Nikamwambia kiti hakiuzwi, lakini anaweza kukifanyia kazi. Ndivyo alivyokuja kuingia kwangu, na ndiyo sababu ninyi mnaonisoma mnamwita bosi.

Miezi ikapita. Nilikuwa nimeanza kumkabidhi duka, nakuja asubuhi tu kuwasalimia wateja na kuwasumbua. Asubuhi moja simu ikalia, ni Wakesho, na upepo wa Mwanda unavuma ndani ya simu. Alikuwa amepanda pale juu karibu na kanisa ambapo mtandao unakamata.

"Mama, wametuma kitu kwa email. Nakifungua, hakifunguki. Simu imekataa kabisa. Nimekutumia wewe, hebu niangalizie."

Nikaifungua kwenye kompyuta. MB kumi na nne! Karatasi moja! Walikuwa wameiskani kwa rangi zote, imelala upande, na kikombe cha chai cha mtu kinaonekana pembeni. Nikaanza kuwasema wale makarani kwa sauti, hata Kevo akaja kuona ni nini. Nikaigeuza ikasimama wima, na ndipo nikaisoma.

Ilikuwa barua ya kuajiriwa kwake. Ajira ya kudumu, shule ile ile ya Mwanda.

Nililia, sitawaficha. Kevo alirukaruka mpaka akaangusha kikombe changu. Lakini kule mlimani mtu alikuwa amesimama kwenye upepo hajui lolote, basi nikafuta macho nikafanya kazi. Nikakata kikombe cha chai. Nikaacha muhuri na rangi yake. Ikafika KB mia nne. Halafu nikainuka, nikazunguka meza, nikakaa kiti cha Mzee Nyambu, nikaifungua kwenye kasimu kangu kadogo, nikasoma jina lake herufi kwa herufi na nambari zake moja moja, kama mtu asiyejua. Zote zilisomeka. Nikaituma.

Sikuinuka kwenye kiti. Dakika zikapita. Ujumbe ukaingia: "Imefunguka." Kisha mwingine: "Nimesoma, Mama."

Mchana kitu kingine kikaanza kuingia kutoka kwake, kizito, kikijivuta polepole. Kilichukua alasiri nzima kufika. Ilikuwa video. Darasa lake zima limesimama juu ya madawati, wanapiga kelele hata huelewi wanasema nini, na yeye Wakesho yuko mbele ubaoni anajaribu kuwanyamazisha, anacheka, hawezi.

Ni MB thelathini na nane. Simu yangu imejaa, kila siku inaniomba nifute kitu, na Kevo ameniambia mara nyingi kwamba ataishusha mpaka MB tatu na sitaona tofauti. Nimemwambia asiiguse. Hiyo haipunguzwi.